Kwa wanaoenda Guangzhou: ramani nilizotumia na ile iliyonifikisha sokoni

Nimerudi juzi toka Guangzhou. Nauza mikoba na mabegi ya kike pale Kariakoo, hii ilikua safari yangu ya pili China ila ya kwanza kutembea mwenyewe bila mwenyeji, sa kila anaenijua ananipigia kuuliza nilikua nafikaje kwenye masoko na Kichina sijui hata salamu, nimeona niandike yote sehemu moja maana nilichojifunza kule kuhusu ramani za simu hakuna alieniambia kabla sijaondoka.

Nianze na kitu ambacho wengi tunakichanganya. Satelaiti na ramani ni vitu viwili tofauti kabisa. Satelaiti za GPS ziko juu huko kama kilomita elfu 20 na zinatuma mawimbi tu, simu yako inapokea, haitumi kitu chochote, ikishanasa nne inajua ilipo. Haihitaji laini, haihitaji bando, haihitaji roaming, yani laini ya kwetu kutumika nje ya nchi. GPS ni ya Wamarekani, Warusi wana GLONASS, Ulaya wana Galileo, na Wachina wana BeiDou ambayo waliikamilisha kwa dunia nzima 2020, na simu nyingi za sasa zinanasa zote hizo kwa pamoja. Kwaio ukishuka uwanja wa ndege wa Guangzhou, Baiyun, na laini ya Tanzania haisomi, kile kitone cha bluu bado kinajua uko wapi. Tatizo linaanza kwenye picha ya chini yake, yani ramani yenyewe.

Google Maps kule China imefungiwa, hilo wengi wanalijua, na wengi wanadhani dawa ni VPN basi, zile aplikesheni za kupitisha intaneti yako nchi nyingine. Nami niliondoka na VPN mbili. Ukiwa na laini ya nje kwenye roaming au eSIM (laini isiyo na kadi) iliyonunuliwa nje Google inafunguka hata bila VPN kwa sababu intaneti yako inazungukia nchi nyingine, ila ikishafunguka ndo unakutana na jambo la pili ambalo ni zito kuliko la kwanza. Sheria ya China inataka ramani zote za wananchi zichorwe kwa vipimo vyao vinavyoitwa GCJ-02, ambavyo vimesogezwa makusudi kutoka kwenye vipimo ambavyo GPS inatumia dunia nzima, na havijasogezwa sawasawa kila mahali, hapa vinaenda hivi pale vinaenda vile. Sa ukifungua ramani kama Google unakuta kitone chako kiko mtaa wa pili, barabara haijakaa kwenye picha ya satelaiti, unaonekana umesimama juu ya paa la jengo wakati uko stendi. Simu haijaharibika. Iko sahihi kabisa, ramani ndo imehamishwa.

Hili limenila siku nzima. Nilikua natakiwa kupeleka sampo kwenye godauni la kagoo maeneo ya Sanyuanli, Mtanzania mwenzetu wa pale akanitumia lokesheni WhatsApp, mi nikachukua zile namba za mahali zilizo ndani yake (latitudo na longitudo) nikazibandika kwenye ramani ya Kichina nikaifata vizuri tu. Ikanipeleka karibu mita mia tano au mia sita mbali na godauni lenyewe, kwenye majengo ya kuishi watu, mvua inanyesha na mabegi mawili mkononi, nikazunguka pale lisaa na nusu naonyesha watu simu wanatikisa kichwa. Mpaka akaja mwenyewe kunichukua kwa miguu. Nilikua nimechoka mpaka machozi yananilenga na wateja Dar wanasubiri picha.

Jioni ile nimekaa Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, nakula, kuna dada mmoja Mtanzania amekaa Guangzhou miaka mingi nikamsimulia. Akaniambia mdogo wangu, huku mtu asikutumie lokesheni WhatsApp, mwambie akutumie kwa WeChat, ile ya Wachina ya kuchati. Nikamuuliza dada kwani si mahali pale pale? Akasema mahali ni pale pale ila namba ni nyingine, WeChat inatumia vipimo vya Wachina na ramani za Wachina zinatumia hivyo hivyo, kwaio vinaelewana. Akanishikia simu akanionyesha ramani ya Kichina inaitwa Gaode na toka siku ile sijapotea tena.

Gaode kwa Kiingereza inaitwa Amap, iko chini ya kampuni ya Alibaba toka 2014, na ndo ninayoisifia hapa. Kwanza inajua metro, treni za mjini za chini ya ardhi, mpaka mlango wa kutokea. Mtu ambae hajafika hawezi kuelewa uzito wa hili, metro ya Guangzhou stesheni moja inaweza kua na milango mingi, wanaiita kwa herufi A, B, C, D, na ukitoka mlango usio wako unaibukia ng'ambo ya barabara ya njia nane isiyo na pa kuvukia. Gaode inakwambia panda laini 3 toka uwanja wa ndege, shuka Jiahewanggang, badili laini 2, shuka Guangzhou Railway Station, badili laini 5, Xiaobei, toka mlango fulani, na dakika zinakuja vile vile ilivyosema. Mabasi nayo inaonyesha lililobaki vituo vingapi kufika ulipo. Ukiwa kwenye gari inahesabu sekunde za taa za barabarani zilizobaki, nilikua nashangaa dereva anatoa mguu kwenye breki kabla taa haijabadilika kumbe anasoma pale.

Kitu kingine nilichokipenda sana ni flaiova. Mji ule una barabara juu ya barabara, kuna ile ya kuzunguka mjini inayopita juu ya nguzo, na simu inajua uko upande gani wa mji ila ikiwa juu na chini ni barabara mbili zimelaliana inashindwa kutofautisha vizuri. Gaode ina kitufe cha kuiambia niko juu ya daraja au niko chini. Kidogo tu lakini aliekiweka anaijua nchi yake.

Na teksi unaitia humo humo ndani, unalipa kwa Alipay, aplikesheni ya Wachina ya kulipia kwa simu, ambayo siku hizi inakubali kadi za Visa na Mastercard za kwetu, fanya usajili wa pasipoti na kadi ukiwa bado nyumbani kwa utulivu maana kule zitakuja meseji za kuthibitisha kwenye laini yako ya bongo na ikiwa imezima unakwama.

Sa jinsi ya kuitafutia mahali. Usiandike jina la duka kwa Kiingereza, maduka mengi jina lao halisi liko kwa Kichina na lile la Kiingereza wameliweka kwenye bango tu kutupendezesha sisi. Chukua bizinesi kadi, piga picha, simu nyingi zinaweza kukopi maandishi kutoka kwenye picha, bandika kwenye Gaode. Au andika matamshi kwa herufi zetu, sanyuanli, xiaobei, inaelewa. Na ujue anwani yao inaanza na kikubwa kuja kidogo, mkoa, mji, wilaya, barabara, namba ya jengo, ndo floo na kibanda, kinyume na tulivyozoea. Ramani itakufikisha getini, kwenye soko lenyewe kama lile la ngozi la Baiyun pale Sanyuanli ambako mi ndo nanunua, ndani hakuna satelaiti itakayokusaidia, zege limekufunika juu na pembeni, kitone kinaruka ruka. Hapo soma namba ya kibanda, mara nyingi herufi ni upande wa jengo na tarakimu ya kwanza ni floo, B312 basi upande B floo ya tatu. Mi nilikua napiga skrinishoti ya kila kibanda nilichopenda na naandika juu yake bei na namba, jioni nazipanga.

Kuna wenye iPhone wasiotaka kuhangaika na aplikesheni mpya. Apple Maps ukiwa China inafanya kazi bila VPN, inatumia data za hao hao Gaode, na majina inayatoa kwa herufi tunazosoma. Rafiki yangu nilieenda nae Foshan kuangalia fenicha kule Lecong alitumia hiyo tu siku nzima na tulifika.

Na ile ramani ya bure isiyotumia bando je, Organic Maps? Hii naipenda kutoka moyoni na kwa safari nyingine zote naitumia, unashusha nchi nzima ukiwa kwenye WiFi, basi, hata simu ikiwa kwenye flaiti modi inakuongoza. Data zake zinatoka OpenStreetMap ambayo inachorwa na watu wa kujitolea, ndo maana Dar imekaa vizuri mpaka vichochoro, toka 2015 wanafunzi wa Chuo cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar pamoja na watu wa mitaani waliingia Tandale na kata nyingine kupima mitaro na njia kwa ajili ya mafuriko, ule mradi wa Ramani Huria. China mtu binafsi kupima na kuchora ramani bila kibali ni kosa la jinai au faini, kwaio barabara kubwa zipo, metro ipo, na kitone kinakaa pake kwa sababu inatumia vipimo vya dunia, ila maduka na majengo ni machache mno. Niliiweka kama akiba ya usiku, hoteli nimeibandika pini, bando likiisha inanirudisha. Kwa kazi hiyo inatosha, kwa kutafuta soko hapana.

Chaji sasa. Ramani ikiwaka kutwa simu inakufa saa nane mchana, pawabanki ni lazima, lakini kama utapanda ndege za ndani kule, tuseme unaenda mji wa Yiwu kwenye masoko, toka tarehe 28 Juni 2025 pawabanki isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China, hairuhusiwi kwenye ndege za ndani, wanaichukua pale pale kwenye ukaguzi. Nunua kule kule yenye alama, hazina bei ya kutisha.

Kwangu mi Gaode naipa nyota nne na nusu kwa Guangzhou, Apple Maps nne, Organic Maps tatu kwa China na tano kwa kwetu.

Mwisho wa safari nilipita Hong Kong, treni ya kasi toka Guangzhou South ni kama saa moja hivi, hakikisha tu viza yako ya China inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja kama unategemea kurudi. Natoka nje ya stesheni ya West Kowloon nikafungua Google kwa kujaribu, bila VPN, ikafunguka, na kitone cha bluu kimekaa katikati ya njia ya waenda kwa miguu niliyosimama, kwa sababu kule vile vipimo vilivyosogezwa havitumiki. Satelaiti ni zile zile, simu ni ile ile.