Uzoefu wangu na shirika la ndege lililonichukua Manda hadi Nairobi

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza, na haikupoa. Ilikuwa majira ya kusi, nami nilikuwa ninaelekea Glasgow, Uskoti, kuhudhuria ETRA, mkutano wa watafiti wa teknolojia ya kufuatilia mwendo wa macho ambao ulianza huko Florida, Marekani, mwaka 2000. Safari yote ile ndefu haikunipa taabu. Taabu niliipata hapa hapa kwetu, kwenye uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa kilicho mkabala na Lamu, kutoka kwa kijana aliyekaa nyuma ya mizani.

Nilikuwa na sanduku dogo gumu lenye kifaa changu cha kazi, upau mwembamba unaowekwa chini ya skrini, wenye kamera na taa za infraredi. Taa hizo humulika jicho, kamera hunasa mboni pamoja na kimeto kidogo kinachoakisiwa juu ya konea, utando angavu wa mbele ya jicho, kisha programu hulinganisha mahali pa viwili hivyo ili kujua mtu anatazama wapi. Kamera ikisogea kidogo tu ndani ya upau, hesabu yote huharibika. Kwa sababu hiyo niliiandikia ofisi yao mapema, nikajibiwa kwa maandishi kwamba ningeruhusiwa kukaa na kifaa changu ndani ya ndege. Jibu hilo nililichapisha na kulibandika juu ya kifuniko. Wakati wa kuvuka kutoka Amu, yaani Lamu, bahari ilikuwa imechafuka, nahodha akanipa turubai, nami nikalipakata sanduku kama trei ya mayai mpaka gatini.

Nilipofika mezani nilimwambia, "Sabalkheri, mwanangu." Hakuitika. Alilivuta sanduku, akalipima, akalifunga karatasi ya mizigo ya chini. Nilimwonyesha barua ya ofisi yao wenyewe, naye akasema bila kuinua macho, "Wewe mama, hiyo barua mpelekee aliyeiandika." Nilipomweleza kwamba ndani mna kioo na kamera, alilinyanyua kwa mkono mmoja akalitupa juu ya mkokoteni, likaanguka kwa ubavu na kona yake ikagonga chuma. Mzee mmoja wa Shela aliyekuwa nyuma yangu alimwambia, "Mwanangu, mali ya watu haitupwi hivyo," akajibiwa kwamba kama ana haraka anyamaze. Mzee wa makamo yale, mbele ya wajukuu zake!

Sitaki kuwadhulumu wengine. Ndege iliondoka kwa wakati, rubani alitutuliza vizuri tulipopita kwenye mawingu mazito, na binti aliyetukabidhi mizigo Nairobi aliliona sanduku limebonyea, akaniletea fomu na kuipiga mhuri kabla sijamwomba. Kama kampuni yote ingekuwa kama binti yule, leo ningekuwa ninaandika sifa.

Glasgow nilikwenda kuonyesha jinsi watoto wa Amu wanavyosoma Kiswahili kwa herufi za Kilatini shuleni, kutoka kushoto, na kwa herufi za Kiarabu chuoni, yaani madrasa, kutoka kulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1981 ulionyesha kwamba watu wanaosoma Kiebrania na Kiingereza hunasa herufi nyingi zaidi upande ule ambao macho yanaelekea, na kwamba upande huo hugeuka wanapobadili lugha. Watoto wetu wana jambo adimu zaidi, kwa kuwa lugha yao ni moja na mielekeo ni miwili. Wenzangu walikuwa na hamu ya kuliona hilo kwa macho yao. Mgeni wa kwanza aliketi, akafuata nukta za kusawazishia kifaa kwa uangalifu mkubwa, akaanza kusoma, na alama ya jicho lake ikawa inatua mstari wa chini ya ule aliokuwa akiusoma. Tulirudia, ikawa vile vile. Msomaji hulikazia neno jicho kwa takriban milisekunde 200 hadi 250 kisha jicho huruka, kwa hiyo kifaa kinachokosea mstari hakina ushahidi wowote wa kutoa. Watu walinishukuru kwa adabu na kuondoka, nami nikabaki na rekodi za zamani kwenye kompyuta, nikizieleza kwa mdomo.

Niliporudi niliwaandikia. Walinijibu kwamba vitu vyepesi kuvunjika husafirishwa kwa dhamana ya abiria mwenyewe, wala hawakuigusa barua yao ya awali hata kwa neno moja. Nilipoanza kuandika hapa nilikusudia kusema kwamba ndege yao inamfaa msafiri asiye na mzigo wa maana. Kauli hiyo ninaifuta. Aliyetupa sanduku langu anaweza kutupa dawa za mgonjwa anayekwenda Nairobi kutibiwa, na ofisi itamjibu mgonjwa huyo kwa maneno yale yale.

Mwenye kifaa cha thamani avuke hadi Mokowe, apande basi la Mombasa kupitia Witu na Garsen, achoke barabarani huku mzigo wake uko mapajani, kisha apande ndege huko. Wakinitengenezea kifaa changu, au kijana yule akifika Amu kuniomba radhi mimi na mzee wa Shela, nitabadilisha niliyoyaandika, na nitafanya hivyo kwa furaha. Fomu ya Nairobi ninayo, ina mhuri wao, na nakala yake nimewatumia tena leo asubuhi.