Stationery ya Mwanjelwa iliyotunyooshea makaratasi ya fidia ya baba mkubwa

Naandika hii kwa familia yoyote huku Mbeya inayohangaika na makaratasi ya marehemu, hasa fidia zinazotoka nje. Kuna stationery ndogo Mwanjelwa, mlango mmoja, mashine ya fotokopi moja, dada mwenyewe na kijana wake wa kuchapa, na ndo waliotuokoa.

Baba mkubwa alikuwa anatunza bustani ubalozi wa Marekani Dar. Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998 bomu linalipuka yupo kazini, watu 11 wakauawa pale na Nairobi zaidi ya 200, yeye akatoka na vioo mwilini na sikio moja limeziba, akarudi zake Rungwe, 2016 akafariki. Kesi ya kuidai Sudan, maana ndiko Osama bin Laden, mkuu wa al-Qaeda waliolipua, alikopewa makazi mpaka 1996, ilisumbua miaka na miaka kwenye mahakama za Marekani mpaka Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi Mei 2020, na mwaka huohuo Sudan ikakubali kulipa dola milioni 335. Sasa pesa inakuja mwenye jina kaburini, mawakili wanataka msimamizi wa mirathi na sisi hata pa kuanzia hatupajui.

Kwanza tulidakwa na jamaa mmoja wa hapa mjini, anasema ana koneksheni, akataka laki tatu za kuanzia na asilimia kumi mbele ya safari. Tukampa. Simu haikupokelewa tena, na ile laki tatu mama mkubwa aliuza ndama.

Tukaelekezwa kwa huyu dada. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ile mnayoijua, mama mkubwa katoka Tukuyu alfajiri na koste, dada akampa kiti pembeni ya mashine, kopi zikitoka za moto anazishika kwanza apate joto la mikono. Dada akachukua cheti cha kifo na kitambulisho cha zamani cha kazi, akaviweka sambamba juu ya kioo, akapitisha kalamu herufi moja moja. Ukoo wetu unaanza na Mwaky, cheti kimeandikwa Mwaki. Akasema mama, kwa hao wa Marekani hawa ni watu wawili. Yule wa koneksheni alikaa na hicho cheti wiki tatu hakuona kitu jamani!

Akachapa kiapo cha majina, akatuonyesha wakili wa kugonga muhuri, akarudi kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo akauliza mbona mabinti wa marehemu hawapo kwenye mahudhurio, kesho wataweka pingamizi mahakamani mtaanza upya. Tukaitisha kikao kingine, mabinti wakasaini. Mahakama ya mwanzo hatukurudishwa hata mara moja.

Barua ya mawakili ya Kiingereza alimsomea mama mkubwa kwa Kinyakyusa, taratibu, bila kumficha. Hata ule mgawo ulioripotiwa, kwamba mfanyakazi Mmarekani aliyeuawa familia yake dola milioni 10, asiye raia laki nane. Mama mkubwa akakaa kimya, halafu akauliza, kwani bomu lilikuwa linachagua? Dada hakuwa na jibu, akamshika tu mkono. Mimi mpaka leo hilo linanichoma, walikuwa wanafungua geti moja asubuhi.

Bei ni ya kawaida, kuchapa ukurasa shilingi 500, kusoma na kuelekeza hakutudai hata mia. Kasoro ni umeme, ukikata hakuna jenereta, siku mbili tulilala mjini kwa sababu hiyo. Jumamosi wamefunga, wanasali.

Nendeni na vyeti halisi, sio picha za kwenye simu. Na mkishapewa barua ya usimamizi msilale, kuna fomu namba tano ya kuorodhesha mali na namba sita ya hesabu za mgawanyo, mahakama inazidai. Zetu tulichapia palepale.