Tahadhari Lamu: msimpe flashi za harusi huyu "fundi wa video"

Assalam alaikum. Wenzangu wa Langoni, Mkomani na Shela, na jamaa mlioko Mokowe, kuna mtu anajitangaza kwenye makundi ya WhatsApp kuwa ni fundi wa video. Anasema atawageuzia video za harusi ziweze kutazamwa kwenye televisheni kupitia PlayStation ya watoto. Msimpe flashi zenu, na yenye video ya kupamba ndiyo msithubutu kabisa.

Dada yangu alimpa yake. Ndani mlikuwa na kupamba nzima: bi harusi amekaa, mama zetu na shangazi zetu wamejipamba, hakuna aliyevaa buibui. Aliyepiga video ni mwanamke, na sharti lilikuwa isitoke mikononi mwa wanawake. Huyo bwana alidai atumiwe shilingi 1,500 kwa M-Pesa kabla ya kazi, kisha 800 nyingine za "leseni ya programu". Flashi iliporudi, PlayStation 3 ikakataa kuifungua video. Jibu lake? Eti bodi ya mashine imekufa, aletewe aitengeneze. Mashine ikaenda, na tangu hapo simu zetu hapokei. Nimeulizia mtaani, na kuna nyumba nyingine walioambiwa maneno yayo hayo ya bodi. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa shauri tumeshalipeleka polisi na sitaki livurugike.

Ile flashi niliitia kwenye kompyuta mwenyewe. Hakuna alichogeuza. Video ilipigwa kwa iPhone ikahifadhiwa kwa HEVC (huitwa pia H.265, namna mpya ya kubana video), na faili lake liliishia na .MOV. Alichofanya ni kufuta hizo herufi akaandika .MP4. Ukubwa wa faili ulikuwa uleule, hadi baiti ya mwisho, na ule wa nakala ya mpiga video. Faili lililogeuzwa kweli haliwi hivyo, kwa sababu picha hufumuliwa na kusukwa upya, na kwa video ya saa nzima kompyuta ya kawaida hushughulika kwa muda mrefu. Ukitaka kuhakikisha, lifungue kwa programu ya VLC uangalie maelezo ya kodeki, yaani namna video ilivyobanwa. Likisema HEVC au H.265 huku jina linasema .MP4, umepewa kitu kilekile.

PlayStation 3 ilitoka mwaka 2006, HEVC ikaidhinishwa 2013, na Sony haikuiongezea mashine hiyo. Kwa hiyo kukataa kwake video hiyo si dalili ya ugonjwa wowote. Inachotaka ni picha ya H.264, namna ya zamani ya kubana video, na sauti ya AAC ndani ya MP4. MKV, aina nyingine ya faili la video, pia haiijui. PlayStation 4 ilipata programu ya kuchezea video mwaka 2015 na MKV inaisoma, lakini HEVC nayo inakwama.

Kuna na hili la flashi, ambalo matapeli hulipenda kwa sababu wengi hawalijui. PlayStation 3 husoma flashi iliyoandaliwa (kufomatiwa) kwa mfumo wa FAT32 peke yake, na FAT32 haipokei faili la kufika GB 4. Kwa hiyo flashi ya mifumo mingine, NTFS au exFAT, haitaonekana kabisa kwenye mashine, na video kubwa ya harusi itakataa kunakiliwa hata kama flashi ni ya GB 64 na iko tupu. Mtu akikwambia mashine mbovu, jaribu kwanza flashi ya FAT32 yenye video fupi ya H.264. Ikicheza, mashine yako ni nzima, usiitoe nyumbani.

Hiyo "leseni" nayo ni uongo. Kazi hii hufanywa na HandBrake, programu ya bure kwa Windows, Mac na Linux. Unaweka video, unachagua mpangilio wa Fast 1080p30, unaiachia imalize. Ya dada yangu niliigeuza hivyo kutoka nakala ya mpiga video, na kwenye PlayStation ya jirani ilicheza picha na sauti. Ipakueni kwenye tovuti yao wenyewe, handbrake.fr. Mwezi Mei 2017 wadukuzi waliingilia mojawapo ya seva zao za kupakulia wakaweka toleo la Mac lenye virusi, kwa hiyo msipokee nakala ya kupitishwa kwa flashi na mtu msiyemjua. Usiyekuwa na kompyuta, mwombe kijana wa kwenu, binti ikiwa ni video ya kupamba, akugeuzie ukiwa umekaa hapo hapo.

Linaloniumiza zaidi ya pesa na mashine ni nakala. Kufuta video kwenye flashi hakufuti aliyoibakisha kwenye laptopu yake, na sura za wanawake wetu zimo humo. Kama flashi yenu iko kwake sasa, wanaume wa nyumba waende wawili au watatu pamoja na mzee wa mtaa, waidai mkononi. Msimtumie pesa nyingine "ya kumalizia". Ujumbe wote wa WhatsApp na wa M-Pesa uhifadhini, msifute hata mmoja, mwende nao kituo cha polisi. Ikitokea video imesambazwa, zaidi ya polisi mnaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019. Ambaye flashi yake iko kwa huyo bwana aniandikie faraghani, nimuunganishe na wenzake tuandikishe malalamiko pamoja.