Chuo cha nyumbani au cha jimbo jirani? Mwongozo wa kozi kwa kozi kwa wakazi wa Minnesota

Familia inayoishi Minnesota ina sababu tatu tu za kumpeleka mtoto chuo cha umma cha jimbo jingine. Huenda shahada anayoitaka haifundishwi nyumbani, au nyumbani amekosa nafasi kwenye kozi yenye ushindani na kule ameipata moja kwa moja, au makubaliano ya majimbo yamefuta tofauti ya ada. Pasipo mojawapo, unalipia jina na timu ya mpira.

Bei kwanza, kuanzia ya chini kabisa.

Nafasi ya kwanza inashikwa na vyuo vya umma vya Minnesota kwa familia yenye mapato ya kodi (AGI, yaani mapato baada ya makato fulani, yanavyoonekana kwenye fomu ya kodi) yasiyofika dola 80,000. Mpango wa North Star Promise, ulioanza msimu wa vuli wa 2024, unalipa ada yote inayobaki baada ya ruzuku nyingine kukatwa. Bweni na chakula ni juu yako. Mapato yanayotazamwa ni ya miaka miwili nyuma: anayeanza vuli 2026 anapimwa kwa kodi ya 2024. Kwa hiyo kama mwaka ule ulifanya ovataimu nyingi ukavuka mstari kidogo, angalia fomu yako ya kodi kabla ya kumwahidi mtoto chochote. Na pesa hii haivuki mpaka wa jimbo, sawa na ruzuku nyingine za Minnesota. Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo (kiwango cha juu dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025-26), na mikopo ya serikali kuu ndizo zinazomfuata mwanafunzi popote.

Ya pili ni makubaliano ya ada kati ya Minnesota na Wisconsin, North Dakota na South Dakota. University of Wisconsin–Madison inamtoza mtu wa nje zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka, ila mkazi wa Minnesota analipa ada inayokaribia ile ya University of Minnesota Twin Cities, yaani kama dola 17,000 hadi 18,000. Punguzo hili haliji lenyewe. Lazima mwanafunzi ajaze fomu ya Minnesota Office of Higher Education (ofisi ya elimu ya juu ya jimbo), na wanaosahau hupokea bili ya bei kamili mwezi Agosti. Udaktari, udaktari wa meno na wa mifugo havimo.

Ya tatu ni Midwest Student Exchange Program, mpango wa punguzo la ada kati ya majimbo ya Midwest. Vyuo vya umma vilivyomo havitozi zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkazi wao. Kasoro yake ni kwamba kila chuo huchagua kozi zinazohusika, na kozi zinazogombewa ndizo huachwa nje mara nyingi. Usisome jina la chuo kwenye orodha ukaridhika. Tafuta jina la kozi.

Bei kamili ya nje ya jimbo inabaki mkiani. Purdue, chuo cha umma cha Indiana ambacho hakijapandisha ada tangu 2013, ni miongoni mwa vyenye huruma: takriban dola 28,800 kwa mwaka, na uhandisi huongeza zaidi ya 2,000. Ukilinganisha na Twin Cities, pengo la miaka minne ni zaidi ya dola 40,000 kabla ya bweni na nauli. Mkopo wa serikali kuu anaoweza kuchukua mwanafunzi anayetegemea wazazi ni dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, kisha 7,500 na 7,500, jumla 27,000. Pengo peke yake limeshaumeza wote. Mkopo wa wazazi nao, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, una ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto.

Kuna hesabu moja ya mitaani ya kuifuta mapema: “mwaka wa kwanza tutalipa bei ya nje, wa pili atakuwa mkazi.” Majimbo mengi yanataka miezi 12 ya makazi ambayo lengo lake si masomo, na kijana anayetegemea wazazi huhesabiwa mkazi wa jimbo wanakoishi wazazi. Kukodi chumba Indiana na kubadilisha leseni ya gari hakutoshi.

Kozi kwa kozi

Uuguzi: nyumbani, karibu kila mara. Kosa kubwa ni kusaini barua inayosema “pre-nursing” (masomo ya maandalizi tu) ukidhani ni uuguzi. Huyo ataomba tena baada ya mwaka mmoja au miwili, na wengi hukataliwa wakiwa wameshalipa. Uliza maswali mawili kwa maandishi: nafasi ya uuguzi ni ya moja kwa moja? Wangapi hufaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, mara ya kwanza? Minnesota pia haijaingia kwenye mkataba wa leseni za wauguzi wa majimbo mengi, ambao Wisconsin na Dakota zote mbili zimo. Aliyesomea Fargo, North Dakota, akirudi kuishi Minneapolis atahitaji leseni ya Minnesota. Njia nafuu kuliko zote ni shahada ya miaka miwili ya uuguzi katika chuo cha jamii, kisha NCLEX, kisha kumalizia shahada kamili huku akifanya kazi. Hospitali nyingi huchangia ada hiyo.

Uhandisi: tazama kwanza kibali cha ABET, shirika linalothibitisha ubora wa kozi za uhandisi. Mitambo, umeme na ujenzi vyenye ABET vinakubaliwa na bodi za leseni kutoka chuo chochote, kwa hiyo hakuna sababu ya kuongeza pesa. Uhandisi wa nyuklia ni jambo jingine: Madison wanao, tena kwa bei ya makubaliano, na hapo kuvuka mpaka kuna maana. Ila mwenye grini kadi ajue kwamba kazi nyingi za ulinzi na za maabara za taifa zinadai uraia.

Sayansi ya kompyuta: tatizo ni mlango. University of Illinois Urbana-Champaign ina jina kubwa, lakini aliyepokelewa idara nyingine asitegemee kuhamia kompyuta baadaye. Barua isiyotaja kozi hiyo kwa jina, ichukulie kama amenyimwa. Twin Cities inafundisha kompyuta katika vitivo viwili, sayansi na uhandisi (BS) na sanaa (BA), kwa hiyo aliyekosa kimoja bado ana kingine.

Urubani: hapa North Dakota inashinda kwa haki. University of North Dakota, Grand Forks, ina chuo kikubwa cha anga, na makubaliano yanashusha ada. Hayashushi saa za kuruka, ambazo hulipiwa kando na zinaweza kuzidi ada yenyewe. Minnesota State, Mankato nayo inafundisha, kwa hiyo linganisha jumla ya gharama za ndege, na uulize kama wahitimu wanaruhusiwa kuingia mashirika ya ndege kwa saa 1,000 badala ya 1,500. Kabla ya kulipa chochote, mtoto apimwe afya ya daraja la kwanza la urubani. Asiye raia, hata mwenye grini kadi, anahitaji pia kibali cha TSA (mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani) kabla ya kuanza mafunzo.

Udaktari wa baadaye: nyumbani, bila mjadala. Vyuo vya udaktari vya umma hupendelea wakazi wa jimbo lao, na pesa iliyookolewa sasa itahitajika baada ya miaka minne. Ualimu vilevile, maana leseni ni ya jimbo.

Biashara ina utata zaidi. Vitivo vya biashara vya Kelley (Indiana University) na Ross (University of Michigan) huleta waajiri wakubwa wa fedha, lakini Carlson, kitivo cha biashara cha Twin Cities, inaleta kampuni za hapa, na wengi hutaka kubaki hapa. Bila ufadhili mkubwa, chagua Carlson.

Wenye krediti za masomo (alama za kozi walizomaliza) za PSEO, mpango wa wanafunzi wa sekondari kusoma kozi za chuo, au za chuo cha jamii wana sababu ya ziada ya kutovuka mpaka: krediti 40 za Minnesota Transfer Curriculum, yaani masomo ya jumla ya msingi, hupokelewa katika vyuo vyote vya umma vya jimbo, wakati kwingine kila somo hupimwa upya. Omba tathmini hiyo kwa maandishi kabla ya Mei 1, siku ya kulipa amana.