Breki za diski za MTB zimeisha: tengeneza au nunua mpya? Nimezipanga kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe

Kila nikikutana na mtu anasema breki za diski za baiskeli yake ya mlima zimekufa, namuuliza umezifungua ukaangalia au umebonya tu leva (mkono wa breki) ukakata tamaa? Wengi wanakimbilia kununua seti nzima wakati kilichoisha ni pedi tu, vidude vidogo kama kucha ya dole gumba, na wengine ni kinyume, kalipa (kile kibano kinachobana pedi kwenye diski) inavuja mafuta wao kila mwezi wanabadilisha pedi na kushangaa mbona haishiki. Kabla hujatoa hela toa tairi, chomoa pedi, zishike mkononi uangalie.

Pedi ina bamba la chuma nyuma na ile nyama inayosugua diski, sahani ya chuma inayozunguka na tairi. Kwa kampuni za breki, Shimano wanasema nyama ikibaki 0.5 mm badilisha, SRAM wanapima pedi nzima pamoja na bamba lake, ikishuka chini ya 3 mm imekwisha. Mimi sisubiri hiyo nusu milimita, ikifika 1 mm nanunua, maana kwenye mteremko wa matope kilichobaki kinaweza kuisha safari moja tu na baada ya hapo ni chuma kwa chuma, diski nayo inaharibika. Diski nyingi za Shimano zinakuja na unene wa 1.8 mm na mwisho wake ni 1.5, imeandikwa hapo hapo kwenye diski kwa herufi ndogo, Min.TH=1.5, futa vumbi utaiona. Pima kwa venia (kipimo cha unene) pale pedi inapopita, sio ukingoni, ukingo haulikagi. Kama huna venia pitisha ukucha kutoka ukingoni kwenda ndani, ukikwama kwenye kijingazi ujue diski imeshaliwa, tafuta mtu mwenye kipimo akupimie.

Basi namba 1 kwangu, na inamaliza matatizo ya watu wengi, ni pedi mpya pamoja na kusafisha. Nenda dukani na pedi yako ya zamani mfukoni, maumbo ni mengi na zinafanana kwa macho. Za rezini zina kelele kidogo na zinashika vizuri tangu mwanzo ila matope na joto vinazimaliza haraka, za chuma zinavumilia mvua na mteremko mrefu ila zinapiga kelele na zinakula diski zaidi. Na tafadhali soma diski yako kwanza, zile za bei ya chini za Shimano zimeandikwa kabisa "resin pad only", ukiweka pedi za chuma hapo unaimaliza diski kwa mikono yako. Pedi iliyorukiwa na mafuta ya cheni kidogo unaweza kuisugua kwa msasa na diski ukaifuta kwa spiriti, lakini ikishanyonya mafuta usihangaike kuichoma kwenye jiko la gesi kama watu wanavyofundishana, itashika siku mbili halafu inarudi pale pale. Nunua nyingine.

Namba 2, diski na pedi kwa pamoja, kama kipimo kimefika mwisho au diski imepinda hadi kunyoosha hakusaidii. Usiweke pedi mpya kwenye diski iliyokwisha. Angalia vitu viwili tu, ukubwa (kipenyo cha 160, 180 au 203 mm ndizo utakazokutana nazo sana) na inavyofungwa kwenye habu (kitovu cha tairi), kuna ya bolti 6 na kuna ya senta loki inayokazwa kwa nati moja kubwa katikati, ukikosea hapo haiingii.

Namba 3 ni kutoa upepo na kubadilisha mafuta, hii ni kwa leva iliyokuwa laini kama sponji, unabonya mara mbili tatu ndio inashika. Ni kazi ya bei ndogo ila ndio inayoharibu breki nyingi kuliko zote, kwa sababu ya mafuta. Shimano, Tektro na Magura wanatumia mafuta ya mineral, SRAM nyingi ni DOT (mafuta kama ya breki za gari) lakini wana breki mpya kama DB8 na Maven ambazo ni mineral, kwa hiyo usiende kwa jina la kampuni, soma kwenye leva yenyewe. Mimi fundi mmoja alinijazia mafuta ya breki za gari kwenye Shimano, yaani DOT, na siku za mwanzo ilikuwa safi kabisa sikushtuka. Halafu pistoni, zile zinazosukuma pedi ndani ya kalipa, zikaanza kugoma kurudi, diski inasuguliwa muda wote, na siku nashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, mteremko wa kilomita 30 na ushee, kabla sijafika Soni leva ya mbele ikaenda mpaka ikagusa usukani. Nikasimama kwa breki ya nyuma na miguu, kalipa ina joto huwezi kuigusa, na kidole nilichopitisha chini yake kikatoka kimelowa. Tulipoifungua sili (pete za mpira zinazozuia mafuta) zilikuwa zimevimba. Hapo hakuna cha kutoa upepo tena, na ndio tunafika namba 4.

Namba 4, seti mpya ya haidroliki, yaani breki ya mafuta. Ukiona unyevu kwenye pistoni acha kutengeneza, kwa Shimano hasa, kwa sababu hawauzi sili za kalipa, unabadilisha kalipa nzima. SRAM wanauza vifaa vya kufufua kalipa na Hope wa Uingereza wanauza karibu kila kispea cha breki zao, kwa hizo inafaa kutengeneza ukiwa na njia ya kuagiza. Kanuni yangu, matengenezo yakizidi nusu ya bei ya seti mpya nanunua mpya. Seti ya chini kama Shimano MT200 inatosha kabisa kwa mtu wa kawaida, mara nyingi inakuja imeshajazwa mafuta, unafunga na kunyoosha kalipa tu.

Ila kama unaishi mbali na duka la spea za haidroliki, mimi namba 4 yako ningeifanya breki ya diski ya waya, ile nzuri kama Avid BB7. Haishiki kama ya mafuta, lazima uvute zaidi, na pedi zikilika unazisogeza mwenyewe, lakini waya ukikatika unapata mwingine karibu kila duka la baiskeli.

Ya mwisho kabisa ni haidroliki ya mtumba iliyouzwa peke yake bila baiskeli. Sili huzioni, mafuta yaliyomo huyajui. Pia zilizotoka Uingereza na Japani breki ya mbele ni leva ya kulia, za Marekani na Ufaransa ni kushoto, ukigeuza, hozi (bomba la mafuta) inaweza isifike.

Ukishafunga pedi mpya usiende mlimani siku hiyo. Tafuta barabara tambarare, kimbia kiasi, punguza taratibu mpaka mwendo wa kutembea bila kufunga tairi, achia, rudia mara 20 mpaka 30, mbele na nyuma. Utasikia yenyewe inaanza kushika.