Nimebuni upya jezi za timu kubwa kwa programu ya mtandaoni: uzoefu wangu

Programu ninayoizungumzia ni ya kufungua kwenye kivinjari. Unapewa sanamu la mchezaji, unalivika jezi, bukta na soksi, unapaka rangi, unapachika nembo, jina na namba, kisha ukiridhika unaagiza jezi yenyewe ichapwe na kushonwa. Nimeitumia kwa kazi moja ninayoipenda mno: kuchukua jezi za timu za kulipwa ambazo naamini zilikosewa na kuzibuni upya, mshono kwa mshono. Kwa rangi, programu hii ni bora kuliko zote nilizopitia. Kwa namba imepungukiwa sana. Kwa milia inadanganya macho, na neno hilo nimelichagua kwa makusudi.

Naanza na kinachonifanya niirudie kila mara. Kuna kitufe kinachochukua timu mbili ulizobuni na kuziweka pamoja uwanjani, mbele ya jukwaa lililojaa watu, halafu unaweza kuivuta kamera nyuma mpaka ukawa kama umekaa viti vya juu kabisa. Jezi nyingi siku hizi huhukumiwa kwa picha ya karibu: mchezaji kasimama wima, taa zimemmulika, ukosi umenyooshwa. Uwanjani hakuna anayeiona hivyo. Kiungo mwenye mpira ana muda mfupi sana wa kuinua kichwa na kumtambua winga wake kwa pembe ya jicho. Aliye jukwaani anaona rangi zinazokimbia, basi. Kazi ya jezi inaanzia hapo. Urembo wa ukosi unafuata baadaye sana.

Ya kwanza kuiweka kwenye mtihani huo ilikuwa jezi ya kijivu ya Manchester United. Tarehe 13 Aprili 1996 walikuwa ugenini kwa Southampton, wakafungwa mabao 3 kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili wakarudi na jezi nyingine ya buluu na nyeupe. Mechi iliisha 3-1. Alex Ferguson alieleza kwamba wachezaji wake hawakuonana vizuri, rangi ile ilimezwa na umati. Wengi walikiona kuwa kisingizio cha kocha aliyefungwa, ingawa ukweli ni kwamba timu ile haikushinda hata mechi moja ikiwa na jezi hiyo. Niliichora upya kijivu kile kile, nikaisimamisha timu mbele ya jukwaa, nikavuta kamera nyuma, na hoja ya Ferguson ikasimama bila kusaidiwa. Kijivu hakikuwa na weupe wa kukitenga na umati, wala weusi wa kutosha. Suluhisho langu halikuwa kukifuta. Niliacha kifua na mgongo vibaki vya kijivu, nikaweka mabega na mikono meupe, na mara wachezaji wakaonekana. Arsenal walishafanya jambo la namna hiyo mwaka 1933, kocha wao Herbert Chapman alipoipa jezi yao nyekundu mikono meupe, na mpaka leo ukiiona mikono ile huna haja ya kusoma nembo.

Pembeni mwa kitufe hicho kuna kingine ambacho kwangu ndicho cha thamani kuliko vyote: kinakuonyesha jezi zako jinsi zinavyoonekana na mtu mwenye upofu wa rangi. Miongoni mwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani. Tarehe 12 Novemba 2015 NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, iliwapeleka Buffalo Bills uwanjani wakiwa wekundu juu mpaka chini, dhidi ya New York Jets waliovaa kijani juu mpaka chini. Kwa watu wengi waliokuwa mbele ya televisheni, ile ilikuwa timu moja inayogombana yenyewe kwa yenyewe. Niliijenga mechi hiyo ndani ya programu, nikabonyeza kitufe, na timu zote mbili zikageuka rangi moja ya udongo. Inauma kuona kosa kubwa kiasi hicho likionekana kwa kubonyeza mara moja tu. Ukiwapa Jets suruali nyeupe na kofia nyeupe tatizo linapungua sana. Ukiwavika nyeupe yote linakwisha. Sheria za soka zinadai timu mbili zivae rangi zinazotofautiana, lakini kutofautiana kwa macho ya nani? Natamani kila anayeidhinisha jezi za ligi aanze na kitufe hiki kabla hajatazama kitu kingine chochote.

Bukta na soksi nazo zimepewa heshima yake, jambo ambalo programu nyingi hulipuuza. Huwezi kuhifadhi kazi mpaka ulivike sanamu zima. Hilo ni sahihi kabisa. Liverpool walikuwa wakivaa jezi nyekundu na bukta nyeupe hadi Novemba 1964, kocha wao Bill Shankly alipomjaribisha nahodha wake Ron Yeats bukta nyekundu, akaona jitu. Wakaingia dhidi ya Anderlecht wakiwa wekundu watupu, na hawajarudi nyuma tangu hapo. Jezi haikubadilika hata uzi. Kilichobadilika ni kilicho chini yake. Brazil nao, baada ya kuumizwa kwenye Kombe la Dunia la 1950 wakiwa na jezi nyeupe, walipata vazi lao la sasa kwa shindano la mwaka 1953 lililodai rangi zote nne za bendera zitumike. Kijana Aldyr Garcia Schlee ndiye aliyelipata jibu: manjano juu na kijani shingoni na mikononi, buluu kwenye bukta, nyeupe kwenye soksi. Nilijaribu kuzihamisha rangi hizo nne kwa kila mpango niliouweza. Hakuna uliokaribia wa Schlee.

Kuna sehemu moja ya programu ningeifuta leo. Ukifungua ukurasa mpya inakupendekezea "rangi zinazovuma", kama vile rangi ya klabu ni mali ya mbunifu. Cardiff City walivaa buluu miaka nenda miaka rudi, mwaka 2012 wakageuzwa kuwa wekundu, na mashabiki hawakunyamaza mpaka Januari 2015 buluu iliporudi. Mtu anapobuni upya jezi ya timu, kwanza anaikuta rangi pale, ya watu. Anachoruhusiwa kuchezea ni kiasi chake, mahali pake na jirani zake.

Sasa namba.

Namba haikuwekwa mgongoni kwa urembo. Arsenal na Chelsea walizivaa kwenye ligi ya Uingereza tarehe 25 Agosti 1928. New York Yankees, timu ya besiboli ya Marekani, walizianza kwa msimu mzima mwaka 1929, wakizigawa kwa mpangilio wa kupiga: Babe Ruth wa tatu akawa 3, Lou Gehrig aliyemfuata akawa 4. Aliyekaa mbali amjue nani ni nani, hiyo ndiyo sababu yake, na haijabadilika. Ndiyo maana namba walizovaa Tampa Bay Buccaneers wa NFL kuanzia 2014 hadi msimu wa 2019 zilinikera. Tarakimu zilikatwa vipande vya pembe kali, na mashabiki wakazibandika jina la saa ya kengele, kwa kufanana na tarakimu za saa ya kielektroniki. Nane na sita zikawa ndugu. Mwaka 2020 klabu ilirudi kwenye tarakimu nzito za kawaida, na vazi zima likapumua.

Nilipotaka kulirekebisha kosa hilo mwenyewe, programu ikanikwamisha. Orodha ya mitindo ya namba imejaa mikato, vivuli na mipaka ya rangi mbili tatu, ila tarakimu nene, wazi, zenye matumbo mapana ni chache mno. Huwezi kurekebisha nafasi kati ya tarakimu mbili, kwa hiyo 11 inaachana na 48 inabanana. Huwezi kuongeza unene bila kuongeza ukubwa. Kibaya zaidi, kile kitufe cha kutazama kutoka jukwaani kinawageuza wachezaji wote wakupe uso, hivyo mgongo, mahali namba inapofanya kazi, hauonekani kabisa kutoka mbali. Niliandikia huduma kwa wateja. Walijibu kwa adabu kwamba wamelipokea, na mpaka naandika haya hakuna kilichobadilika. Katika besiboli ya Marekani mwaka 2024 herufi za majina mgongoni zilipunguzwa, wachezaji na mashabiki wakalalamika msimu mzima, na 2025 zikarudishwa ukubwa wake. Jambo dogo la vipimo linaweza kuivunjia jezi nzima heshima, na chombo cha kubunia lazima kikupe mamlaka juu ya vipimo hivyo.

Kwenye milia ndipo ninapokuwa mkali zaidi. Nilibuni upya jezi ya Juventus ya msimu wa 2019-20, ile iliyogawanywa nusu nyeusi na nusu nyeupe kukiwa na mstari mwembamba wa waridi katikati. Milia ya klabu hiyo ina historia ya tangu 1903, ilipozipata jezi kutoka kwa klabu ya Uingereza ya Notts County, na kuiondoa kulinishangaza. Msimu uliofuata ilirudi. Mimi niliibakiza, nikaipanua, nikaipa ule mstari wa waridi kama mpaka. Kwenye skrini milia ilipanda kutoka kiunoni, ikavuka bega, ikashuka mgongoni bila kukatika hata mahali pamoja. Jezi haishonwi hivyo. Kifua ni kipande chake, mgongo ni kipande chake, mikono ni vipande vyake, na kila kimoja huchapwa kikiwa bapa kisha hukatwa na kuunganishwa. Mstari ukihama kidogo tu mashine ikiwa inashona, begani panavunjika. Jezi yangu ilipofika, mlia mweusi wa mbele ulikutana na mweupe wa nyuma kwenye bega la kushoto, na ubavuni milia miwili ikaungana ikawa mmoja mnene. Programu ilinionyesha kitambaa kisicho na mshono. Kwa mtu anayeagiza jezi za timu nzima, hilo ni jambo zito.

Na hata mshono ungekaa sawa, mgongo wenye milia una tatizo la namba, maana kanuni za mashindano hudai namba isomeke vizuri. Ndiyo sababu klabu nyingi za milia huweka kipande cha rangi moja nyuma ya namba, au huacha mgongo mtupu. Programu haina chaguo hilo; nililichora kwa mkono.

Kuhusu mikono ya jezi sina mengi. Unaweza kuifuta yote ukapata fulana kama ile ya Kamerun kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2002, ambayo FIFA iliikataa Kombe la Dunia mpaka ikaongezewa mikono meusi. Ningependa programu ikuonye kwamba sheria inataka jezi yenye mikono. Sehemu ya mdhamini ni nzuri: unaweza kulazimisha nembo yake ifuate rangi mbili za timu, na kwa kufanya hivyo peke yake nusu ya jezi ninazozilalamikia zingepona.

Turudi kwenye jezi yenyewe iliyofika. Nilikuwa nimeagiza mbili, ya milia na ile ya kijivu yenye mabega meupe. Uchapaji wao ni wa wino unaogeuzwa mvuke kwa joto na kuingia ndani ya nyuzi za poliesta, kwa hiyo hakuna kitu kilichobandikwa juu. Namba haina uzito, haipasuki, haichubuki ukifua. Jezi ni nyepesi na inapitisha hewa. Lakini wino wa namna hii hauna rangi nyeupe; nyeupe unayoiona ni kitambaa chenyewe kilichoachwa bila kuchapwa. Ukiivuta jezi kwa nguvu kwenye kiwiko au kwapani, weupe unachungulia kati ya nyuzi nyeusi. Nyeusi yangu ilikuwa na ukahawia kidogo ikiwa juani. Waridi iliyong'aa kwenye skrini ilifika imepoa, kwa sababu skrini hutoa mwanga na kitambaa hakitoi. Hilo la mwisho silihesabu kama kosa lao, ila wangetuma kipande cha kitambaa chenye rangi kabla ya kuchapa oda nzima, kama mafundi wengine wanavyofanya.

Kijivu ndiyo iliyonifurahisha. Niliivaa kwenye mazoezi, na mwenzangu aliyekuwa upande wa pili wa uwanja akaniambia aliyatafuta mabega tu. Jasho, hata hivyo, lilijichora wazi kifuani, maana kijivu cha wastani kikilowa hukolea. Toleo lijalo nitakishusha kiwe cheusi zaidi kifuani na kukiacha chepesi ubavuni.

Kwa anayetaka kubuni jezi ya rangi moja au mbili zilizogawanywa kwa vipande vikubwa, naipendekeza huduma hii bila kusita, hasa kwa kile kitufe cha upofu wa rangi. Anayetaka milia aombe kwanza picha ya vipande vikiwa bapa, alinganishe mwenyewe mahali milia inapokutana begani na ubavuni, na asilipie mpaka aipate. Kwa upande wa namba, mimi sasa nazichora nje ya programu na kuzipandisha kama picha. Inakubali, na zinatoka safi.