Asubuhi nzima ndani ya tembe: Makumbusho ya Kijiji kwa sisi tunaoandika

Kwa miezi mitatu hadithi yangu ilikwama kwenye sentensi moja: "Bibi akafungua mlango, akaingia ndani na mtungi wake kichwani." Naandika usiku baada ya kazi, watoto wakishalala, na kila nikifika hapo kalamu inasimama. Niliifuta, nikairudia, nikaongeza mvua, nikaiondoa mvua. Ukiisoma haina kosa la lugha. Lakini nilipoisoma kwa sauti niliusikia uongo ndani yake, na sikujua uongo wenyewe uko wapi.

Hadithi ni ya bibi mzaa mama, Mgogo wa upande wa Bahi, na nyumba ni tembe, ile ya paa bapa la udongo, alilolelea wanawe. Mimi tembe hilo sikuwahi kuliona. Mwaka 1971 ilipokuja Operesheni Dodoma watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa. Bibi akaondoka na mbuzi, vyungu na watoto, nyumba ikabaki peke yake. Mama alikuwa na miaka 9. Huko walikohamia wakajenga nyingine, baadaye ikaezekwa bati, na hiyo ya bati ndiyo ninayoijua. Kwa hiyo nilikuwa naandika nyumba ya kusimuliwa.

Nilihangaika kutafuta mahali pa kuandikia, maana nilidhani tatizo ni utulivu. Kuna mgahawa mmoja, jina silitaji, nilikaa na chai ya rangi na chapati mbili; sijamaliza hata ukurasa, mhudumu keshakuja mara tatu kuuliza kama naongeza kitu, ya nne akachukua kikombe. Nilienda Coco Beach na daftari, nikala mihogo, nikafurahi kweli, lakini upepo wa bahari na karatasi havipatani. Maktaba Kuu ya Taifa naipenda tangu shule na nitaendelea kwenda. Siku hizo tatu nilizokaa pale niliandika barua kwa dada yangu, nikapanga bajeti ya mwezi, na bibi nikamwacha palepale mlangoni.

Aliyenipeleka Makumbusho ya Kijiji ni mdogo wangu wa kiume. Yeye ni fundi umeme, na Jumamosi akipata nafasi anachora kwa penseli: mapaa, madirisha, pikipiki zilizoegeshwa. Akaniambia, "Dada, mimi naenda kuchora msonge wa Wahaya. Wewe njoo na daftari lako, kule nyumba zipo zenyewe." Nimeishi Sinza miaka 11. Nimeshuka stendi ya Makumbusho mara nisizoweza kuhesabu, na sikuwahi kuvuka barabara kwenda kuona hayo makumbusho yaliyoipa stendi jina.

Kwa wasiopajua: ni eneo la wazi lenye miti hapa Dar es Salaam, pembeni ya barabara iendayo Mwenge, lililoanzishwa mwaka 1966, na ndani yake zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania kwa ukubwa wake halisi. Siyo picha ukutani wala sanamu ndogo ndani ya kabati la kioo. Unatembea kutoka nyumba ya Wazaramo hadi ya Wahehe, ya Wachaga, ya Wahaya, unainama, unaingia, unatoka. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo. Mimi na mdogo wangu tulitumia zaidi kwenye maji na miwa.

Tulifika saa tatu asubuhi na nawashauri muda huohuo. Kivuli bado kirefu, watu wachache, na mama mmoja alikuwa anafagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, mchanga unabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Kelele za daladala zinasikika kwa mbali, makondakta wanaita Posta, Mbagala. Baada ya nusu saa nikawa sizisikii tena.

Mdogo wangu akakaa chini mbele ya msonge. Nilisimama naye kidogo, na hapo nikaanza kuelewa kitu ambacho shuleni tulikariri tu: "Wahaya wanaishi msonge, Wagogo wanaishi tembe." Msonge wa Wahaya ni nyasi kuanzia kileleni mpaka chini, kama mzinga mkubwa wa nyuki, na mteremko wake ni mkali. Bukoba mvua ni kubwa. Ikidondoka pale juu haina pa kukaa, inateleza hadi ardhini. Dodoma kwa kawaida haipati hata milimita 600 kwa mwaka, na Bukoba inapata zaidi ya mara tatu ya hizo. Ndiyo maana bibi yangu aliweza kuwa na paa bapa la udongo, akaanika nafaka juu yake. Paa lile lile ukilipeleka Bukoba halimalizi masika.

Kisha nikaenda kwenye tembe peke yangu.

Kwa nje ni nyumba ndefu na fupi, fupi kwa kimo nina maana, rangi ya ardhi yenyewe. Ukiwa mbali unaweza kudhani ni ukingo wa shimo. Nikaelekea mlangoni kama ninavyoelekea mlango wowote, nikagonga paji la uso kwenye boriti. Yule mama aliacha kufagia.

"Pole, mwanangu. Inama."

"Asante, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Inama tena, hapo bado."

Nikainama tena, na tena, mpaka mikono ikashika magoti, ndipo nikapita. Mle ndani giza lilinifunika macho kabisa kwa sababu nje jua lilikuwa kali. Nikasimama nikisubiri. Kwanza nikahisi baridi ya udongo, halafu harufu, udongo mkavu na miti ya zamani. Halafu polepole nguzo zikaanza kuonekana, moja, ya pili, safu nzima, zimepanda juu zikiwa na panda kama manati, na ndani ya panda zimelala boriti. Juu ya boriti fito zimebanana, juu ya fito matawi, na juu ya yote udongo. Nilinyoosha mkono nikaigusa dari bila kusimamia vidole. Nilitandika khanga nikakaa sakafuni, nikapima mlango kwa shubiri zangu kutokea ndani: shubiri sita na vidole vitatu. Mimi siyo mrefu na napita hapo nusu yangu.

Ndipo nikafungua daftari nikasoma sentensi yangu. Akaingia ndani na mtungi wake kichwani.

Nilicheka kwa sauti peke yangu mle gizani, kwa furaha ya mtu aliyetafuta ufunguo wiki nzima. Hauingii tembe na mtungi kichwani. Hakuna binadamu anayeweza. Miezi mitatu nilikuwa nampitisha bibi, na maji yake, kwenye mlango wa nyumba yangu ya kupanga. Hata "akafungua" nikaitilia shaka.

Nikatoka nje nikampigia mama Dodoma. Nikamuuliza: bibi akirudi kisimani, mtungi aliuingizaje?

Akanyamaza kidogo. "Hakuingia nao. Alikuwa anachuchumaa hapo nje, anaita jina langu. Mimi natoka, naukamata kwa mikono miwili, naushusha, halafu tunauingiza pamoja, yeye anavuta, mimi nasukuma. Ukimwagika kidogo hasemi. Ukimwagika sana anasema." Halafu akaniuliza, "Nani kakwambia habari za mtungi?"

Nikamwambia nimekaa kwenye tembe, hapa Dar es Salaam, Kijitonyama. Hakuamini mpaka nilipomtumia picha.

Niliandika mpaka saa saba mchana. Kurasa tisa, kwa penseli, kwa sababu mle ndani wino wa bluu sikuuona vizuri. Sijawahi kuandika kurasa tisa kwa siku moja tangu nianze hobi hii. Mwanzo bibi alikuwa peke yake kwenye ukurasa, sasa ana binti wa miaka saba anayeitwa kutoka ndani, na ni mama yangu.

Mchana vikundi vya ngoma vilianza kujiandaa uwanjani na wageni wakaongezeka. Ngoma ni nzuri, kaeni mzione, hasa mkiwa na watoto. Lakini kama umekuja kuandika, asubuhi ndiyo yako. Mimi nilifunga daftari nikatazama. Ngoma zilipopigwa nilimkumbuka bibi na muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo wapigaji wake ni wanawake, wamezibana kati ya mapaja. Hiyo nayo itaingia hadithini.

Mdogo wangu kwa upande wake hakuridhika na msonge wake. Anasema nyasi zimemshinda, ukizichora moja moja picha inakuwa nzito, ukizifuta inakuwa kofia. Amechora mara nne. Mchoro wa nne mimi naupenda sana, ule alioacha nyasi na kuchora kivuli peke yake, lakini yeye anataka kurudi.

Mambo machache kwa mtakaokwenda. Bebeni khanga au mkeka wa kukalia na dawa ya kupaka ya mbu, maana miti ni mingi. Maji pia. Msiende kama mnavyotembelea duka kubwa, nyumba zote kwa dakika arobaini na picha kila mlango. Chagueni mbili, mkae ndani mpaka macho yazoee. Waulizeni wanaofanya kazi pale. Yule mama wa ufagio alinionyesha vitu vingi kuliko nilivyotegemea, ikiwemo jinsi udongo wa paa unavyohitaji kushindiliwa upya kabla ya mvua. Kwa anayetaka kiyoyozi, meza na intaneti ya bure, hapa sipo pake. Kwa anayeandika habari za watu wa zamani, au anayechora, au anayetaka mtoto wake ajue babu yake alilala wapi, nampa nyota zote tano bila kusita.

Mama anakuja mwezi ujao kwa treni ya SGR. Tiketi nimeshakata, ya asubuhi, ili Jumamosi yake tuwahi saa tatu. Jana usiku alipiga simu kuuliza jambo moja tu, kama ndani ya hilo tembe kuna sehemu ya mbuzi, kwa sababu yeye na wadogo zake walikuwa wanalala karibu nao kwa ajili ya joto. Nikamwambia sitamjibu kwenye simu, aje aone mwenyewe, anionyeshe alikuwa analala wapi.